Kiapo Nilichomsomea Mama

Mimi ni mwoga. Nianze na hilo, kwa sababu wateja wangu hapa Eldoret wananijua kwa mdomo, na mtu mwenye mdomo watu hudhani hana woga. Wapi! Mdomo wangu wote unaishia pale ninapomwona mtu ameshika faili. Ukiniuliza bei ya blanketi nitakujibu kabla hujamaliza swali. Ukiniuliza kitambulisho changu kiko wapi, mate yananikauka, hata leo, na kiko hapa kwenye mkoba.

Wakati ninaoukumbuka hakikuwepo. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza kidato cha nne, nauza mablanketi na shuka pamoja na mama yangu kwenye duka dogo katikati ya mji. Sisi ni Wasomali na ni Wakenya. Nayasema yote mawili kwa pumzi moja kwa sababu nimechoka kuulizwa la pili kila nikisema la kwanza. Mama alizaliwa kaskazini, upande wa Garissa, na mama yake vilevile. Mimi nililetwa Eldoret nikiwa na miaka minane, nikasoma hapa, nikakua hapa. Kikalenjin nakijua cha kutosha kubishana bei na akina mama wa Kapseret wanaopita dukani wakishauza maziwa, na nikikasirika natukana kama mtu wa hapa, kwa sababu ni hapa nilipojifunzia matusi.

Mbele ya duka letu, kwenye baraza, alikaa fundi wa nguo, msichana wa umri wangu kutoka upande wa Kakamega, na cherehani yake. Tulikuwa marafiki wa kugombana kutwa. Siku moja aliinua mguu kwenye pedali akasema, "Twende tukachukue vitambulisho. Mwaka ujao ni kura. Kwani sisi tutabaki hapa kama watoto?"

Nilicheka, nikasema twende. Lakini sikutaka kwenda.

Sababu ni hii. Nilipokuwa na miaka saba, ukame ulimaliza mifugo yetu. Mbuzi wakifa siwakumbuki, nakumbuka harufu. Baba alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla. Kambi ya wakimbizi haikuwa mbali na kwetu, siku moja kwa lori, na ndani yake kulikuwa na mgao wa chakula. Nje ya ua wake, sisi wenye nchi hatukuwa na kitu. Basi watu wa kwetu wakafanya jambo ambalo kila mtu alilijua na hakuna aliyelisema kwa sauti: waliazimana watoto. Mama mkimbizi mwenye watoto wawili anaandikisha watatu, mgao unaongezeka, na unga wa yule wa tatu unagawanywa kati ya mama wawili. Mtoto akishaandikwa, anarudi kwao. Waliliona ni jambo la kawaida tu, kama kuazima sufuria kwa jirani.

Mimi nilikuwa mtoto wa kuazimwa. Njiani mama alinifundisha jina jingine, na akanifundisha kumwita mwanamke nisiyemjua hooyo, neno la kwetu la mama. Alinirudisha kwenye jina hilo mara nyingi mpaka likakaa kichwani. Nilikuwa mwanafunzi mzuri, kwa bahati mbaya. Mbele ya meza karani aliniuliza ninaitwa nani, nikalitaja jina bila kusita. Akaniuliza mama yangu ni yupi, nikamkumbatia yule mwanamke mguu. Wakanipiga picha, wakabonyeza vidole vyangu kimoja kimoja kwenye kioo kidogo chenye mwanga, wakanipa biskuti. Mama alikuwa nje ya ua akinisubiri, na nilipotoka alinishika mkono kwa nguvu mpaka nikalia. Ule unga ulitufikisha kwenye mvua, na mvua ilipokuja sisi tulikuwa tumeshapanda lori la kuja Eldoret kwa jamaa zetu. Hatukulizungumza tena jambo lile.

Sasa fikiria ninavyosimama kwenye foleni ya vitambulisho na rafiki yangu, ukungu wa asubuhi bado uko barabarani, yeye anatafuna mahindi ya kuchoma na kupiga domo, mimi nahesabu vidole vyangu ndani ya buibui.

Yeye alichukua dakika kumi. Alitoa cheti cha kuzaliwa na nakala za vitambulisho vya wazazi wake, akabonyeza vidole, kwisha. Mimi niliweka vyeti vile vile mezani. Karani alisoma jina langu, akanitazama, akalisoma tena, akavisukuma vyeti vyangu pembeni.

"Wewe siku yako ni ile ya kamati."

"Kamati gani? Mwenzangu amepita sasa hivi."

"Mwenzako ni mwenzako. Wewe ni vetingi kwanza. Ngoja uitwe."

Vetingi ndivyo watu wanavyouita uchunguzi tunaofanyiwa sisi Wasomali. Unafanyika kwenye chumba chenye meza ndefu, na nyuma ya meza wameketi chifu, wazee, maofisa wa usalama, na mwenyekiti mwenye miwani. Kazi yao ni kuhakikisha mimi ni mimi. Nilipoitwa, wiki tatu baadaye, niliulizwa ukoo wangu, na ukoo wa mama yangu, na kisima ambacho babu yangu alinyweshea mifugo, na babu huyo alizikwa wapi. Nilijibu yote, maana mama alikuwa amenikaririsha usiku na mchana. Jasho jembamba lilinitoka mgongoni. Nilikuwa nikikaririshwa tena, unaona? Safari hii nilikuwa nakaririshwa ukweli, na mwili wangu haukujua tofauti.

Rafiki yangu nilipomsimulia aliacha kushona kabisa. "Babu yako alizikwa wapi? Ai! Mimi babu yangu alitoroka nyumbani akaenda Uganda na hakurudi, hata sijui kama alizikwa. Na mimi nimepewa!"

Tukacheka mpaka mteja akaja. Usiku huo lakini sikulala vizuri, kwa sababu kamati ilikuwa imenipitisha na sasa vidole vyangu vilikuwa vimechukuliwa, na vilikuwa vinasafiri kwenda mahali nisipopajua kulinganishwa na vya watu wote walioko.

Kitambulisho chake kilikuja baada ya mwezi mmoja na kitu. Changu hakikuja. Miezi ikapita, nikawa naenda ofisini kila Jumatatu, naambiwa bado. Nilianza kupanga safari zangu kwa kukwepa polisi. Kulikuwa na kona nisizopita, na siku ambazo nilimtuma mama benki kwa sababu niliwaona wamesimama kwenye njia yangu. Mara moja walitukamata kwa ghafla, mimi na rafiki yangu, karibu na stendi. Askari akanyoosha mkono, "Vitambulisho." Yeye akatoa chake. Mimi nikapekua mkoba, ingawa nilijua hakimo.

"Huyu ni dada yangu," akasema rafiki yangu, uso mkavu.

Askari akaniangalia, akamwangalia yeye. "Dada yako? Huyu?"

"Baba ni tofauti."

Askari alicheka mpaka akashika mkanda, akatuacha tuende. Rafiki yangu naye alicheka njia nzima. Mimi nilifika dukani nikatapika nyuma ya marobota ya mablanketi, na sikumwambia mtu.

Halafu Jumatatu moja karani hakusema bado. Aliniita upande wake wa meza na kugeuza skrini ya kompyuta kwangu. Nikajiona. Nilikuwa na miaka saba, kitambaa cha kichwa kimeenda upande, macho yamekodolea kamera, na chini yangu kulikuwa na lile jina jingine.

"Huyu ni nani?" akauliza.

Jamani, hofu inamfanya mtu mjinga. "Simjui," nikasema.

Karani hakukasirika, na hilo lilinitisha zaidi. Alikuwa mtu mzima, mwenye sauti ya taratibu. "Msichana, vidole ni vyako. Mashine inasema wewe ni mkimbizi, uliandikishwa kambini na mama mkimbizi. Mkimbizi hapewi kitambulisho cha Mkenya. Na bila kitambulisho huandikishwi kura. Kama kuna maelezo mengine, mama yako mzazi aje mwenyewe mbele ya kamati, na hati ya kiapo kutoka kwa wakili. La sivyo hili litabaki hivi mpaka uzeeke."

Nilirudi dukani nikitembea haraka haraka kama nimeiba kitu. Mama alikuwa anamfungia mteja shuka. Sikungoja mteja atoke.

"Wameniona," nikamwambia kwa lugha yetu. "Picha yangu wanayo. Uliniuza kwa gunia la unga, hooyo, na sasa mimi si mtu wa popote."

Mama alimaliza kufunga ile shuka. Akampa mteja, akamshukuru, akamsindikiza kwa macho mpaka akapotea. Kisha akanigeukia. "Sikukuuza. Nilikuazima. Na nilisimama pale kwenye ua mpaka wakakurudisha."

Nilisema mengine, ya aibu, siyarudii hapa. Mama alikaa kwenye kiti chake na kuanza kukunja mablanketi ambayo yalikuwa tayari yamekunjwa.

Lazima niseme mama yangu ni mtu wa namna gani mbele ya kura, la sivyo hutaelewa alichokitoa. Kusoma hajui, zaidi ya tarakimu na sahihi yake. Lakini hakuna uchaguzi aliowahi kukosa tangu apate kitambulisho. Alikuwa anaamka kabla ya adhana, anavaa vizuri, anapanga foleni na akina mama wengine, na akimaliza anarudi kwa njia ndefu, apite mbele ya maduka yote. Mjini hapa watu wakigombania wateja au mahali pa kuanika bidhaa, haichukui muda kabla ya mtu kusema nyinyi mlikuja jana, rudini kwenu. Mama alikuwa na jibu moja tu kwa wote: "Mimi nilipiga kura hapa kabla wewe hujaota ndevu." Na waliokuwa na ndevu walinyamaza. Mimi nililitaka jibu hilo liwe langu pia. Haikuwa siasa. Nilitaka tu siku nikiambiwa rudi kwenu, nami niwe na cha kujibu.

Na sasa njia pekee ya kulipata ilikuwa mama aingie chumba kile na kusema alidanganya. Nilijua hilo na yeye alijua. Hatukujua watamfanya nini. Watu sokoni walikuwa na hadithi zao: ati kuna mama alinyang'anywa kitambulisho pale pale mezani, ati mwingine alipakiwa kwenye gari akapelekwa kambi ile ile alikomwandikisha mtoto. Sikuwahi kumwona hata mmoja wao. Lakini hadithi zile nililala nazo na kuamka nazo.

Siku tano zilipita. Asubuhi ya sita mama alivaa viatu vya kutokea. "Twende kwa huyo wakili," akasema. "Kura zinakaribia."

Wakili alikuwa na ofisi ghorofani, juu ya duka la dawa. Alitusikiliza, akaandika, akachapisha karatasi mbili kwa Kiingereza, akanipa mimi. "Msomee mama yako. Akikubali, atie sahihi."

Ndani ya familia yetu mimi ndiye macho ya mama. Barua za shule, ujumbe wa simu, leseni ya duka, lebo za dawa, vyote nimemsomea mimi tangu nikiwa darasa la tatu. Hajawahi kumuuliza mtu mwingine kama nimesoma sawa.

Nikaanza kusoma. Mstari wa kwanza ulisema yeye ni mama yangu mzazi. Wa pili, kwamba nilizaliwa Kenya. Wa tatu, kwamba majina yale mawili ni ya mtu mmoja. Nikamfasiria yote vizuri. Kisha nikafika wa nne. Ulisema kwamba yeye, kwa kujua na kwa makusudi, aliwapa maofisa habari za uongo. Kwamba anaelewa hilo ni kosa la jinai. Na kwamba yuko tayari kukabiliwa na hatua yoyote ya kisheria itakayochukuliwa dhidi yake.

Nikainua macho. Nilimwona mama akiningoja, mikono juu ya magoti, kama alivyoningoja siku zote. Nilijua nikiusoma mstari ule atasimama na kuondoka, na mimi nitabaki yule mtoto wa kwenye skrini maisha yangu yote.

"Inasema pia unaomba wafute jina la kambini," nikamwambia.

"Ni hayo tu? Karatasi ni ndefu."

"Kiingereza ni kirefu, hooyo."

Wakili akaniuliza, "Umemweleza yote?"

"Yote," nikasema.

Mama akachukua kalamu. Sahihi yake anaiandika polepole sana, ulimi umetokeza kidogo kwenye kona ya mdomo. Nilitazama dirishani mpaka akamaliza.

Siku ya kamati mvua ilinyesha tangu alfajiri. Tuliketi kwenye benchi la koridoni saa tatu nzima. Mama alikuwa mtulivu kuliko mimi, alikuwa hata anamfundisha mama mwingine jinsi ya kutoa doa la mafuta kwenye shuka. Mimi nilikuwa na roho mkononi. Nilijiambia hawatausoma mstari ule. Nilijiambia watu wenye mafaili hawasomi mafaili. Kila mlango ulipofunguliwa nilishtuka.

Tulipoitwa, mwenyekiti mwenye miwani alichukua kiapo, akakinyoosha mezani, akasema, "Mama, sheria inataka nihakikishe umeelewa ulichotia sahihi. Nitakusomea kwa Kiswahili. Ukikubali, sema ndiyo."

Nilitaka sakafu inimeze. Nilitaka kusema ngoja, nilitaka kumshika mama mkono tutoke. Sikufanya lolote. Nilisimama pale nimekauka, na mdomo wangu, huu mdomo unaojulikana mji mzima, haukutoa hata herufi.

Akasoma wa kwanza. Mama akasema ndiyo. Wa pili, ndiyo. Wa tatu, ndiyo. Kisha akasoma wa nne, taratibu, kwa Kiswahili safi kinachoeleweka na mtu yeyote: kwa kujua, kwa makusudi, uongo, kosa la jinai, hatua yoyote.

Mama aligeuka akanitazama. Haikuwa hasira, ningalijua la kufanya na hasira. Alinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka aliniona wapi. Kisha akamgeukia mwenyekiti.

"Ndiyo," akasema. "Ni hivyo. Nilijua."

"Umesomewa hivi kabla ya kutia sahihi?"

"Nimesomewa."

Akanifunika pale pale, mbele ya watu saba, kwa uongo mwingine. Mwenyekiti akaandika kwa muda mrefu. Wazee wakaulizana jambo. Kisha akaninyooshea kalamu. "Wewe msichana, jina la kambini litaombewa kufutwa, na maombi yako yataendelea." Akavua miwani. "Na wewe mama, kuidanganya serikali si mchezo. Faili yako tutaiangalia. Utaitwa."

Utaitwa. Alilisema bila ukali, kama vile daktari anavyokwambia urudi kuchukua majibu.

Nje mvua ilikuwa imepungua. Tulitembea mpaka karibu na soko. Nilianza kulia, nikasema, "Hooyo, nisamehe, niliogopa utakataa."

Hakusimama. "Ungenisomea, ningetia sahihi vilevile," akasema. Hatua chache mbele akaongeza, "Sasa sijui ni nini kingine ambacho hukunisomea, miaka yote hii."

Tangu siku hiyo karatasi zake alianza kumpelekea fundi wa nguo. Niliona kwa macho yangu. Barua ya leseni ikija, mama anaipitisha mbele yangu, anatoka nayo barazani, na rafiki yangu anamsomea kwa Kiswahili, akinitupia jicho la kuuliza kuna nini. Nilikunja mablanketi.

Na mama alianza kungoja kuitwa. Simu yenye namba asiyoijua ikilia, anaiacha ilie mpaka ikome. Alihamisha kiti chake kutoka mlangoni hadi ndani kabisa, nyuma ya marobota, akawa anauza akiwa huko, kwa sauti tu. Mtu akija na shati lililopigwa pasi na kalamu mfukoni, mama anainama asionekane, ananiachia mimi. Mara nyingi alikuwa ni mwalimu anayetaka blanketi. Nilikuwa nikimwambia, "Hooyo, wamesahau. Wana kazi nyingi." Anatikisa kichwa. Wiki zikageuka miezi, hakuna aliyempigia, hakuna aliyemwandikia. Kitambulisho chake kilikuwa mkononi mwake muda wote na hakuna mtu aliyekigusa.

Changu kilikuja zikiwa zimebaki siku tatu usajili wa wapiga kura ufungwe. Nilikimbia nacho. Foleni ilizunguka jengo mara mbili, vijana wanasukumana, wengine wanakuja hata kutoka Ainabkoi kwa sababu huko mashine ilikuwa imekwama. Nilipofika mezani na kuweka kidole, mashine ilifikiri kwa muda mrefu sana. Mwili wote ulinitetemeka mpaka yule karani wa kura akaniuliza kama nina malaria. Nilingoja kumwona yule mtoto mwenye kitambaa cha upande. Ikatokea picha yangu ya siku hiyo, mtu mzima, nimekodoa macho vilevile. "Tayari," akasema. "Anayefuata."

Asubuhi ya uchaguzi niliamka nikavaa, nikamngoja mama. Alikuwa jikoni anachemsha chai, amevaa nguo za nyumbani.

"Hujavaa," nikamwambia.

"Nenda wewe. Nina mgongo."

"Mgongo tangu lini?"

Akamimina chai, akaweka sukari, akakoroga zaidi ya inavyohitaji. Kisha akasema ukweli. "Nikiweka kidole kwenye ile mashine, watajua niko wapi. Watasema, kumbe yuko hapa, yule mama wa faili."

Nilimbembeleza. Nikamwambia ana haki, ana kadi, hakuna sheria inayomzuia, hata yule wakili alisema hivyo nilipomrudia. Nilimwambia jina lake liko kwenye daftari, mimi mwenyewe nililisoma ukutani.

"Wewe ulilisoma," akasema.

Nikaenda peke yangu. Nilipanga foleni kuanzia saa kumi na mbili na nusu mpaka saa sita kasoro, nyuma ya mama mmoja mnene aliyenigawia chapati, na kila mwenye kofia ya polisi alipopita niliangalia viatu vyangu. Nikapiga kura yangu ya kwanza. Furaha niliyokuwa nimeiwekea nafasi kwa zaidi ya mwaka haikuja. Nilitoka nikiwa nimechoka na nina njaa, nikaenda dukani moja kwa moja.

Mlango ulikuwa umefungwa nusu. Mama alikuwa ndani nyuma ya marobota, amewasha redio kwa sauti ya chini. Nilidhani ataniuliza foleni ilikuwa ndefu kiasi gani, au kura nimewapa akina nani. Alizima redio.

"Walikuuliza habari yangu?"

"Hapana. Hakuna aliyeuliza."

"Kumbuka vizuri. Hata jina langu hawakulitaja?"

"Hata jina, hooyo. Walahi."

Alinitazama usoni kwa muda mrefu, na nikaona kwamba haniamini.